Tangi, ufukwe, takwimu au karakana: njia ipi ya kufundisha sayansi ya bahari kwa vitendo?

Mwalimu anayetaka kufundisha bahari kwa vitendo hakosi shughuli, anakosa vipindi. Akitafuta kidogo tu atakutana na majaribio ya maji ya rangi, ziara za ufukweni, grafu za maboya na roboti za kuzamia, na kila anayependekeza ya kwake ataapa kwamba hakuna inayoishinda. Hapa nazilinganisha njia nne zinazotumika zaidi. Sitauliza kama wanafunzi watafurahi, maana maji, rangi na watoto vikikutana furaha haina budi kuwapo. Nitauliza shughuli inaonyesha nini kwa ukweli, na inaficha nini.

Maana kila moja inaficha kitu. Tangi linaficha ukubwa. Ufukwe, ajabu kidogo, unaficha bahari yenyewe. Takwimu zinaficha maji. Na karakana, usipoangalia, inaficha kila kitu isipokuwa gundi na nyaya.

Kwa njia zote nne nashikilia utaratibu mmoja ambao watafiti wa elimu White na Gunstone waliueleza mwaka 1992: tabiri, tazama, eleza. Mwanafunzi aandike kwanza anachodhani kitatokea na kwa nini, kisha aone, kisha aeleze tofauti. Neno la maana hapo ni "aandike". Utabiri wa mdomo hubadilika mara tu matokeo yanapoonekana, na ghafla darasa zima lilikuwa linajua tangu mwanzo.

Tangi

Hii ndiyo njia yenye umri mkubwa kuliko zote. Mwaka 1681 mwanasayansi wa Italia, Luigi Ferdinando Marsigli, alichapisha maelezo yake kuhusu mlangobahari wa Bosporus, ambako maji ya juu hutoka Bahari Nyeusi kuelekea Mediterania, huku mkondo mwingine ukipita chini yake kwenda kinyume. Wavuvi wa pale walikuwa wanaujua mkondo huo wa chini. Marsigli alitaka kujua unasukumwa na nini. Akachukua sanduku lenye ukuta katikati, maji mazito upande mmoja na mepesi upande wa pili, akaacha njia juu na chini ya ukuta. Maji mazito yakapita chini, mepesi yakapita juu, bila upepo wala mteremko wa kuyasukuma. Maji ya Mediterania yana kama gramu 38 za chumvi kwa kila kilo, ya juu ya Bahari Nyeusi kama gramu 18, na tofauti hiyo peke yake inatosha kuendesha mkondo wa chini usiku na mchana.

Darasani jaribio hilo linahitaji chombo cha plastiki kinachoonyesha ndani, kipande cha plastiki ngumu kilichokatwa kiingie katikati sawasawa, na mafuta ya mgando ya kuziba kingo. Upande mmoja weka maji matamu, upande wa pili maji ya chumvi yaliyotiwa rangi. Vuta ukuta polepole, wima. Maji ya bahari kwa wastani yana gramu 35 za chumvi kwa kila kilo, na densiti yake ni karibu gramu 1.025 kwa kila sentimita ya ujazo, ikilinganishwa na gramu 1.000 ya maji matamu. Wako wanaotia chumvi maradufu ili mkondo uende kasi na rangi isichanganyike. Hakuna ubaya, mradi wanafunzi waambiwe. Tena wanaweza wenyewe kukokotoa ni mara ngapi jaribio limezidisha uhalisia, na hiyo inakuwa nusu ya somo.

Baada ya hapo yaingie mashindano. Upande mmoja maji ya nyuzi 40 za Selsiasi yenye gramu 35 za chumvi kwa kilo, upande wa pili maji matamu yaliyotoka kwenye barafu. Nani atazama? Wanafunzi wengi wamekariri kwamba baridi huzama na joto hupanda, kwa hiyo wengi huandika kwamba maji ya barafu yatakwenda chini. Yanakwenda juu. Maji ya moto yenye chumvi bado yana densiti ya karibu 1.018, na chumvi imeshinda. Kuanzia hapo neno "densiti" linakuwa na kazi, kwa sababu bila hilo hakuna anayeweza kueleza alichokiona.

Kama kuna muda wa jaribio moja tu katika muhula mzima, nachagua la vipande vya barafu. Glasi mbili zenye maji ya joto la chumbani, moja maji matamu, nyingine maji ya chumvi kama ya bahari. Dondosha katika kila glasi kipande cha barafu kilichogandishwa na rangi. Kipi kitayeyuka kwanza? Anayejua kwamba chumvi hutumika kuyeyusha barafu atachagua glasi ya chumvi bila kusita, na hao ndio wanafunzi waliosoma zaidi. Kumbe barafu ya kwenye maji matamu huyeyuka kwanza, na rangi inaonyesha sababu. Katika maji matamu, maji baridi yanayotoka kwenye barafu huzama, na mahali pake yanakuja maji yenye joto. Katika maji ya chumvi, yale yaliyoyeyuka hayana chumvi, kwa hiyo ni mepesi. Yanabaki juu yakikizunguka kipande cha barafu na kukikinga na joto la maji ya chini. Jaribio hili lina mtego, lina ushahidi wa macho, na linaisha ndani ya kipindi kimoja.

Wenye muda wa ziada watengeneze tabaka mbili, maji ya chumvi yenye rangi chini na matamu juu, kisha wainue upande mmoja wa chombo kidogo na kukirudisha taratibu. Juu maji hutulia upesi, lakini mpaka kati ya tabaka unaendelea kupanda na kushuka polepole kwa muda mrefu. Kimya kina mshindo mkuu, kama walivyosema wahenga. Mvumbuzi wa Norwe, Fridtjof Nansen, alipokuwa na meli ya Fram kwenye maji ya Aktiki mwaka 1893, meli ilipoteza kasi kana kwamba imeshikwa na kitu. Mwanafizikia Vagn Walfrid Ekman alilichunguza jambo hilo kwa tangi na vielelezo vya meli, akachapisha matokeo mwaka 1904: meli ilikuwa inapoteza nguvu zake ikitengeneza mawimbi yasiyoonekana kwenye mpaka kati ya maji matamu ya juu na ya chumvi ya chini.

Kwa darasa kubwa lisilo na vyombo vya kutosha, tangi linaweza kushuka hadi kwenye mrija wa kunywea unaoonyesha ndani. Andaa maji ya rangi tatu yenye viwango vitatu vya chumvi bila kusema lipi lina chumvi nyingi. Mwanafunzi anatumbukiza mrija kina kifupi kwenye rangi moja, anaziba juu kwa kidole, anautumbukiza kwa kina zaidi kwenye rangi ya pili, anaachia kidole na kuziba tena. Akifuata mpangilio wa mepesi kwanza, mazito baadaye, anapata pingili za rangi. Akikosea, rangi zinachanganyika. Hakuna haja ya mwalimu kusahihisha.

Sasa linaloficha. Ukubwa wa tangi ni uongo mtupu. Chukua tangi lenye urefu wa sentimita 40 na maji ya kina cha sentimita 20. Kutoka Amerika Kusini hadi visiwa vya Indonesia, Pasifiki ina upana wa zaidi ya kilomita 15,000. Kama ingekuwa na umbo la tangi hilo, kina chake kingekuwa kilomita 7,500, yaani ingepita kiini cha dunia, kwa sababu nusukipenyo cha dunia ni kilomita 6,371. Kina halisi cha Pasifiki kwa wastani ni kama kilomita 4. Ukiichora kwenye karatasi ya A4 kwa urefu wa karatasi yote, kina chote kinakuwa milimita 0.08, chini ya unene wa karatasi yenyewe. Hesabu hii ifanywe na wanafunzi siku ileile ya tangi, wakiwa bado na mikono mibichi. Isipofanywa, watatoka wakidhani bahari ni bakuli.

Jingine ni mzunguko wa dunia. Tangi lililokaa juu ya meza halijui kwamba dunia inazunguka, na mikondo mikubwa ya bahari haielezeki bila mzunguko huo. Kuna matangi yanayowekwa juu ya kisahani kinachozunguka, na kamera ikifungwa kwenye kisahani hichohicho picha inakuwa nzuri sana, lakini ni kazi ya mwalimu mwenye subira. Ila asitokee mtu akaonyesha maji yakizunguka kwenye tundu la sinki na kusema ni athari ya mzunguko wa dunia. Si kweli. Kwenye sinki umbo la chombo na namna maji yalivyomiminwa ndivyo vinavyoamua.

Ufukwe

Ufukwe una kitu ambacho tangi haliwezi kuwa nacho: vurugu. Hakuna anayejua jibu, na mwalimu naye hajui. Mwanafunzi anayeinua jiwe hachagui atakachokikuta.

Lakini ufukwe bila swali ni matembezi. Wanafunzi hukusanya makombe, hupiga picha, hulowa, hurudi. Njia inayougeuza kuwa somo ni kamba na fremu. Nyosha kamba kutoka mstari wa maji kujaa hadi mstari wa maji kupwa, weka fremu ya mraba wa nusu mita kila baada ya hatua kadhaa, hesabu kilichomo. Kwenye ufuko wa mawe viumbe hujipanga kwa mikanda: konokono wadogo wanaovumilia ukavu juu, kome katikati, mwani chini. Swali linaibuka lenyewe: kwa nini kome wanaishia hapa na hawashuki zaidi, wakati chini kuna maji tele?

Utabiri wa kawaida ni kwamba kila kiumbe kipo mahali kinapopenda maji yake. Mwanaikolojia Robert Paine alionyesha vingine kwenye pwani ya jimbo la Washington, Marekani. Aliondoa kiti cha pweza mla-kome (mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota) kwenye sehemu ya mwamba na kuendelea kumwondoa kila aliporudi. Kome wakashuka na kuujaza mwamba, na idadi ya aina za viumbe ikapungua kutoka 15 hadi 8. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1966. Mpaka wa chini ulikuwa umewekwa na mlaji. Wanafunzi hawawezi kurudia jaribio hilo, na hawapaswi kung'oa kitu, ila wakiwa wameshaisikia habari yake wanaitazama mikanda ya kwenye mwamba kwa jicho jingine.

Ratiba ya ufukwe haipangwi na shule, inapangwa na mwezi. Siku zinazofaa ni za bamvua, karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanapokupwa mbali kabisa. Siku za maji mafu sehemu kubwa ya ufuko haifunuki, na safari nzima inaweza kuharibika kwa kukosea wiki. Maji kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo safari ikiahirishwa siku mbili saa nayo ihame. Fika mapema maji yakiwa bado yanashuka, fuata maji kwenda chini, na uanze kurudi yanapogeuka. Hilo ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la sayansi. Wanafunzi wasiipe bahari kisogo, na awepo mtu mzima ambaye kazi yake ni kutazama maji tu, asishike daftari.

Ufukwe unaficha nini? Kila kitu kilichoko nje ya hapo mawimbi yanapovunjika. Kina cha wastani cha bahari duniani ni kama mita 3,700, na mwanafunzi aliyefika maji ya magoti ameona ukingo tu. Anaweza kuondoka akiamini bahari ni mahali pa mawe, kaa na mwanga mwingi, wakati sehemu kubwa ya bahari ni giza na baridi. Pia ziara moja ni sampuli moja. Mpaka urudi mara ya pili, hujui kama ulichohesabu ni kawaida ya mahali au ni bahati ya siku.

Walio mbali na bahari wasijilazimishe kusafiri. Sampuli za mchanga kutoka fukwe tofauti, zikipangwa mezani na lensi ya mkono na vichungio, hutoa somo zima la mawimbi: punje kubwa mahali pa mawimbi makali, laini mahali palipotulia, vipande vya matumbawe hapa, kwatzi pale.

Takwimu

Najua neno hili linavyowachosha watu. Shughuli ya vitendo ni karatasi na penseli? Ndiyo, kama data ni ya kweli na mwanafunzi ana jambo la kugundua ndani yake. Kati ya njia zote nne, hii ndiyo inayodharauliwa bila sababu, na ndiyo pekee inayomfikisha mwanafunzi katikati ya bahari.

Tangu mwaka 1999 mradi wa kimataifa uitwao Argo umekuwa ukishusha maboya yanayojiendesha baharini, na sasa yako karibu 4,000. Boya huelea kwenye kina cha mita 1,000 kwa siku kadhaa, hushuka hadi mita 2,000, kisha hupanda likipima joto na chumvi njia nzima, hutuma vipimo kwa setilaiti na kuzama tena. Mzunguko wote huchukua kama siku 10. Vipimo hivyo hutolewa bure kwa yeyote. Chagua maboya matatu, moja la tropiki, moja la latitudo za kati, moja la karibu na Antaktika. Futa majina ya mahali. Wape wanafunzi namba, wachore joto dhidi ya kina, kina kikielekea chini, kisha waseme kila boya lilikuwa wapi. Boya la tropiki linaweza kuanza na nyuzi 28 juu na kufika nyuzi 4 au 5 kwenye mita 1,000. La kusini kabisa karibu halibadiliki, na pengine maji ya juu ni baridi kuliko ya chini yake. Hapo ndipo somo la tangi linarudi: maji baridi yamekaaje juu ya yenye joto? Anayekumbuka mashindano ya chumvi na joto ana jibu.

Grafu ya kwanza ichorwe kwa mkono. Kompyuta huchora upesi mno, na mwanafunzi hapati nafasi ya kushangaa mstari unapokunja ghafla.

Data ya kupwa na kujaa kwa maji ni rahisi zaidi, na inafaa hata kwa wadogo. Chukua jedwali la mwezi mzima la bandari yoyote, wachore kimo cha maji kila siku na kuweka alama ya umbo la mwezi. Kabla ya kuchora, watabiri bamvua ngapi katika mwezi mmoja. Wengi husema moja, ya mwezi mpevu. Grafu inaonyesha mbili. Kisha linganisha Ghuba ya Fundy huko Kanada, ambako tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 16, na bandari ya Mediterania, ambako mara nyingi haifiki nusu mita. Mwezi ni uleule. Umbo la beseni ndilo lililobadilika.

Kwa wakubwa kuna swali lenye mtego mkali zaidi: je, usawa wa bahari unapanda kila mahali? Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba kwa wastani wa dunia umepanda kama sentimita 10 tangu mwaka 1993. Sasa wape rekodi ya New York na ya Stockholm kutoka kituo cha Liverpool, Uingereza, kinachokusanya vipimo vya usawa wa bahari tangu mwaka 1933. New York mstari unapanda, Stockholm unashuka. Mwanafunzi mmoja atasema data imekosewa. Haijakosewa. Ardhi ya Skandinavia bado inainuka baada ya kutuliwa mzigo wa barafu ya zama zilizopita, na inainuka haraka kuliko bahari.

Udhaifu wa njia hii uko wazi: hakuna harufu wala mawimbi, na mwanafunzi anayehangaika na hesabu anabaki nyuma kabla ya kufika kwenye bahari. Vilevile data iliyosafishwa mno inaficha taabu ya kupima. Ndiyo maana nabakiza kipimo kimoja au viwili vilivyoharibika, na kuwauliza wangevifanyaje.

Kuna kiunganishi kizuri kati ya takwimu na mikono, nacho ni sanduku la vipimo. Tengeneza sakafu ya bahari kwa udongo au plasta ndani ya sanduku la viatu, na mlima na bonde lake, lifunike, toboa matundu kwenye kifuniko kwa mistari. Wanafunzi wanapima kina kwa kijiti na kuchora wasichokiona. Kundi moja lipewe matundu matano, jingine hamsini, kisha walinganishe ramani zao kabla ya kufungua. Meli ya Challenger, iliyozunguka bahari kati ya 1872 na 1876, ilipima kina kirefu kwa kamba mahali pasipofika 500 katika safari nzima. Baadaye sauti ikachukua nafasi ya kamba. Sauti hupita majini kwa kama mita 1,500 kwa sekunde, kwa hiyo mwangwi unaorudi baada ya sekunde 5 unasema kina ni mita 3,750. Mchoraji ramani Marie Tharp, aliyefanya kazi na mwanajiolojia Bruce Heezen wakati ambapo wanawake hawakuruhusiwa kupanda meli za utafiti, aliliona bonde la ufa katikati ya Atlantiki kwa kuchora vipimo vya namna hiyo mezani. Mpaka leo ni kama robo tu ya sakafu ya bahari iliyochorwa kwa vipimo vya kisasa.

Karakana

Hapa sitakaa sana. Kuunda roboti ya kuzamia kwa mabomba ya plastiki, mota tatu na waya mrefu kunafundisha mengi: ueleaji, mizani, saketi, uvumilivu. Ni kazi ya klabu ya sayansi inayokutana kwa wiki nyingi, si ya kipindi. Betri ziwe za volti 12 au chini, umeme wa ukutani usisogee karibu na maji. Tatizo langu ni kwamba inapofika siku ya kuizamisha, watu wamechoka, na swali la bahari limesahauliwa. Roboti imezama, imepanda, wamepiga makofi. Imepima nini?

Kifaa ninachokipendelea kinaundwa ndani ya kipindi kimoja: kisahani cha Secchi, cha kupima uangavu wa maji. Padri Angelo Secchi alikitumia Mediterania mwaka 1865. Kwa bahari ni sahani nyeupe ya sentimita 30, kwa maziwa ni ya sentimita 20 yenye robo nyeusi na nyeupe, uzito chini, kamba yenye alama juu. Shusha mpaka kisionekane, soma kina. Hufanya kazi ziwani, bwawani, hata kwenye pipa refu la maji yaliyotiwa udongo. Mwaka 1986 kwenye Bahari ya Weddell kilionekana mpaka karibu mita 80. Wanafunzi wawili wakikishusha mahali pamoja wakapata majibu tofauti, hapo ndipo mazungumzo kuhusu kosa la upimaji yanapoanza bila kulazimishwa.

Zikiwekwa kando kwa kando

| Njia | Inaonyesha vizuri | Inaficha | Muda |
|---|---|---|---|
| Tangi | Kwa nini maji husogea: densiti, tabaka, mawimbi ya ndani | Ukubwa wa bahari na mzunguko wa dunia | Kipindi 1 |
| Ufukwe | Viumbe, tofauti ndani ya umbali mfupi, ugumu wa kuhesabu | Kina, giza, na mabadiliko ya muda mrefu | Nusu siku, pamoja na maandalizi marefu na ruhusa |
| Takwimu | Ukubwa, kina, miaka | Maji yenyewe, na taabu ya aliyepima | Vipindi 1–3 |
| Karakana | Jinsi kipimo kinavyopatikana | Swali, mara nyingi | Kipindi 1 (Secchi) au wiki nyingi (roboti) |

Jedwali halisemi jambo moja: gharama ya kukosea. Tangi likiharibika unamwaga maji na kuanza upya. Grafu ikikosewa unafuta. Ufukwe ukikosewa, kwa mvua au kwa kusoma vibaya ratiba ya maji, umepoteza siku ya shule nzima. Ndiyo sababu sishauri mwalimu mgeni aanze na ufukwe, hata kama bahari iko mbele ya dirisha la darasa.

Kuna shughuli moja maarufu ambayo ningeiacha kabisa, au ningeitumia kama mfano wa jaribio baya: ganda la kombe kwenye siki, kwa jina la "bahari kuwa na asidi". Ganda linatoa mapovu na kuyeyuka, watoto wanaogopa, na wanachokariri si kweli. Maji ya juu ya bahari yameshuka kutoka pH (kipimo cha asidi, ambacho namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) ya karibu 8.2 hadi 8.1 tangu enzi ya viwanda. Yangali ya alkali, yaani kinyume cha asidi, ingawa ioni za hidrojeni, zinazoleta asidi, zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Siki ina pH ya karibu 2.5 hadi 3, yaani ioni hizo zimezidi za maji ya bahari kwa zaidi ya mara 100,000. Afadhali kupuliza pumzi kwa mrija kwenye maji ya bahari yaliyotiwa kiashirio cha rangi, kwa onyo kali kwamba kupuliza ni nje tu, hakuna kuvuta. Hapo angalau gesi ni ileile, kabonidayoksaidi.

Uchague ipi?

Wenye kipindi kimoja: barafu katika glasi mbili. Nimeshasema, sina haja ya kuongeza.

Wenye vipindi vitatu wachanganye tangi na takwimu kwa mpangilio huo, usigeuzwe. Kipindi cha kwanza barafu na mashindano ya joto na chumvi, cha pili hesabu ya karatasi ya A4 na sanduku la vipimo, cha tatu maboya ya Argo. Takwimu zikitangulia, zinakuwa mistari tu. Zikifuata tangi, mwanafunzi anaangalia pinda la grafu na kukumbuka rangi ilivyosimama katikati ya chombo.

Kwa watoto wa shule ya msingi ningepunguza namba na kubakiza mrija, barafu na jedwali la maji kupwa na kujaa. Kwa wanafunzi wa miaka ya mwisho ya sekondari ningefanya kinyume: tangi dakika 20, muda uliobaki wote kwa Stockholm na Antaktika, kwa sababu hao wanaweza kubishana na data na wanastahili kupewa nafasi hiyo.

Na wenye muhula mzima pamoja na bahari karibu, ufukwe uje mwisho, na uwe wa mara mbili: bamvua moja, kisha bamvua inayofuata wiki mbili baadaye, kamba ikiwa palepale. Siku ya kwanza wahesabu na kuandika utabiri wa siku ya pili: nini kitakuwa kimeongezeka, nini kimetoweka, mpaka wa kome utakuwa wapi. Karatasi za utabiri azishike mwalimu mpaka hesabu ya pili ikamilike.